Karani wa Mizani

Kazi yangu ni mizani.
Miaka tisa nimesimama ghalani Ngomeni,
penseli sikioni, vumbi la mkonge kwenye kope,
naandika: robota, robota, robota,
kilo mia mbili na hamsini kila moja.
Vibarua wananiita Bi Kilo, kwa kuwa sisamehi hata nusu.

Leo Sista Mbwambo ameweka kitu kwenye mizani ya Bombo,
kitu kilichofungwa kipande cha kanga yangu kuukuu,
akasema: gramu elfu moja mia moja na kumi.
Nikamwomba arudie.
Uzito huo, ghalani, huwa tunaufagia.

Njiti, wanawaita huku. Watoto njiti.
Wangu kalala ndani ya kioo, plasta mguuni:
"Mtoto wa Mwanasiti". Jina lake mwenyewe bado.
Mrija mwembamba kama uzi unaingia puani.
Kunyonya, kumeza, kupumua,
mambo matatu kwa mpigo mmoja;
huyu anajifunza moja moja.

"Basi mpaka ajue, atanyonya mkono wako," Sista akasema.
Gumba juu, vidole chini,
sukuma nyuma mpaka mbavuni, bana, achia.
Kila baada ya saa tatu. Na saa nane ya usiku usiniruke.

Nilikamua hadi kiganja kikafa ganzi.
Nikapata nini? Unyevu.
Kisha tone la njano, zito,
kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi.
Mama mkwe, katoka Pangani na chupa ya maji ya sukari kikapuni,
akasema: hiyo dang'a ni uchafu, mwaga, ngoja meupe.
Sista hakubishana.
Alichukua bomba la sindano, akalifyonza lile tone
mbele yake, taratibu, kama sonara.
"Karani, soma."
Nusu mililita.
"Andika."
Nikaandika. Mkwe wangu akautazama wino,
yeye asiyejua kusoma lakini anajua deni linavyoandikwa.
Chupa ikarudi kikapuni.

Mililita moja. Mbili. Siku ya nne, patupu.
Shebughe akapiga simu toka Handeni kuuliza bei ya maziwa ya kopo.
Sikumjibu.
Sista akamtoa mtoto kiooni, akanifungua vifungo,
akambandika kifuani, ngozi kwa ngozi,
miguu kaikunja kama chura ukutani.
Nikanusa utosi wake.
Kifua kilijibu kabla yangu: blauzi ikaloa.

Kitanda cha tatu alilala Chausiku wa Maramba,
ambaye kikombe chake kilijaa siku zote, tukamwonea gere.
Alfajiri moja kioo cha mwanawe kilikuwa wazi,
kimefutwa, kinanuka dawa.
Saa tatu ilipofika akaketi, akakamua.
Hakuna aliyemwambia aache.
Kifua hakikuwa kimepata habari.
Akatutazama mmoja mmoja, kikombe mkononi,
nasi hatukujua pa kuweka macho.
Akakiweka dirishani.
Kilikaa pale hadi jioni, hakuna aliyethubutu kukimwaga.

Daftari langu: saa, mililita, uzito.
1,090. 1,075. 1,075. 1,120.
Robota hazikunifundisha
kwamba gramu kumi zinaweza kumnyima mtu usingizi.

Siku ya ishirini na sita akageuza kichwa,
kinywa wazi, akitafuta gizani, akashika.
Akavuta. Akapumzika.
Akavuta mara mbili, akasahau kupumua,
mashine ikapiga kelele,
Sista akamgusa unyayo, akakumbuka.
Akavuta tena.

Hakuna mrija, hakuna kikombe, hakuna mstari wa kusoma.
Mimi, karani mzima, penseli mkononi,
nikaacha nafasi wazi kwenye safu.

Jioni mkwe wangu akauliza: amekunywa kiasi gani?
Sijui, nikasema.
Neno ambalo ghalani
lingenifukuzisha kazi.